Kuliinua gari la familia kwa gharama nafuu: Kipi kifanyike, kipi kiachwe

Familia nyingi za Kiislamu zinazoishi mijini, huku asili yao ikiwa vijijini, zinaijua hali hii. Simu inaita baada ya Isha: mzee wa ukoo amefariki dunia, na maziko ni kesho baada ya Adhuhuri. Dini yetu imetuhimiza tusimcheleweshe maiti, kwa hiyo watu huondoka usiku huo huo. Lami hufika mwisho wake, na kilomita zinazobaki ni za udongo mweusi, makorongo na madimbwi ambayo hakuna ajuaye kina chake. Katika masika, gari la kawaida hukwama kwa tumbo. Chuma cha chini hulalia tuta la katikati ya njia, magurudumu yakazunguka bure, na jamaa wakafika kaburi limekwisha kufukiwa.

Mwezi Mei mwaka 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, wasafiri wa kusini walikumbushwa kwamba hata barabara kuu si ya kuaminiwa siku zote. Basi si ajabu kwamba mwenye gari aina ya Escudo, RAV4, Prado au Hilux aliyekwisha kuchoka huanza kuwauliza mafundi: je, gari langu haliwezi kuinuliwa kidogo? Na kwa kuwa wengi wetu si matajiri, swali la pili hufuata papo hapo: kwa gharama gani?

Swali hilo ni la halali na lina majibu. Lakini si majibu yote yanayotolewa gerejini yana usalama ndani yake. Zipo njia nafuu ambazo ni sahihi, na zipo njia nafuu ambazo bei yake hulipwa baadaye kwa viungo vya watu. Katika makala haya tunakusudia kuzipambanua, ili baba na mama wanapokaa kupanga matumizi ya nyumba waamue kwa ujuzi badala ya kuamua kwa tamaa ya macho.

Tupime kabla ya kununua

Jambo la kwanza halihitaji fedha yoyote. Magari mengi yanayoingia nchini mwetu yamekwisha kutumika miaka mingi huko yalikotoka, na springi zake zimechoka. Gari la namna hiyo halihitaji kuinuliwa. Linahitaji kurudishwa kwenye kimo chake cha asili.

Namna ya kulijua hilo ni nyepesi. Liegesheni gari mahali pa sawasawa, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na ndani pasiwe na mzigo. Chukueni futi ya fundi cherehani au ya seremala, mpime kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Fanyeni hivyo kwa magurudumu yote manne na muandike. Upande wa dereva ukiwa chini kuliko upande wa abiria, au nyuma kukiwa chini kuliko mbele hali gari ni tupu, basi springi zimelegea. Mlinganishe pia na gari jingine la aina hiyo hiyo ambalo halijachoka. Tunapima kutoka kitovu cha gurudumu, wala si kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililolika au lenye upepo mchache lingetudanganya.

Mara nyingi hesabu hii peke yake huonesha kuwa gari limepoteza sentimita mbili, tatu au zaidi. Jozi ya springi mpya za kimo kile kile cha kiwandani, pamoja na shokapu zilizo hai, humrudishia mwenye gari kimo hicho bila kuvuruga breki, usukani wala taa. Hii ndiyo njia ya kwanza tunayoipendekeza.

Baada ya hapo, tuangalie kitu gani hasa hugonga chini. Aghalabu si gari zima; ni paipu ya moshi iliyolegea, ni kiungo cha kuvutia trela ambacho hakitumiki, au ni ngazi ya pembeni iliyoning'inia. Kuipandisha paipu ya moshi kwa kuifunga vizuri, na kuondoa kisichohitajika, ni kazi ya saa moja. Mlango wa nyuma nao ufunguliwe na mizigo iangaliwe: kreti za soda, jenereta bovu na magunia yaliyosahaulika hulishusha gari kila siku. Kulipunguzia gari uzito ni kuliinua bila fundi.

Gari lako limejengwaje?

Hakuna dawa moja kwa magari yote. Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ajue amepanda gari la ujenzi gani.

Aina ya kwanza ni yale yenye ekseli ngumu mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kilichonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu. Suzuki Jimny iko hivyo, na Land Cruiser za kazi, zile za familia ya 70, ziko hivyo pia. Haya ndiyo mepesi zaidi kuinuliwa.

Aina ya pili ni yale ambayo mbele kila gurudumu linajitegemea, na nyuma kuna ekseli ngumu. Prado nyingi na Hilux ni wa kundi hili. Hapa nyuma huinuka kwa urahisi, bali mbele kuna mpaka, kwa sababu shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele zina viungo, na viungo hivyo vikipindishwa kupita kiasi hupasuka mipira yake, grisi ikatoka na vumbi likaingia.

Aina ya tatu ni yale ambayo kila gurudumu linajitegemea na hayana chesisi ya peke yake, kama RAV4. Haya yamejengwa kwa barabara ya kawaida na vumbi la kiasi. Kuyainua kunawezekana kwa sentimita chache, lakini hayatageuka kuwa magari ya porini. Anayemwambia mwenye RAV4 kwamba atamfanyia gari lake lipite palipopita Land Cruiser, hamtakii mema.

Kwa aina zote tatu, mafundi wenye uzoefu hukubaliana kwamba takriban sentimita tano ndizo mpaka wa kazi ya bei nafuu. Ukiuvuka mpaka huo, kila kitu kinachounganisha gurudumu na gari hudai kubadilishwa, na unafuu unakuwa umekwisha.

Njia nafuu, moja baada ya nyingine

Matairi. Wengi hawalijui jambo hili: katika gari lenye ekseli ngumu, kuinua springi hakuinui ekseli. Bodi inapanda juu, lakini lile bonge la difu lililo katikati ya ekseli linabaki pale pale, tayari kugonga jiwe. Kinachoinua difu ni tairi kubwa tu. Na hesabu yake ni hii: tairi likiongezeka kipenyo kwa sentimita nne, difu hupanda sentimita mbili, kwa kuwa nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli na nusu iko chini yake.

Tuchukue mfano wa Jimny yenye tairi la 205/70R15. Kipenyo chake ni milimita 668. Tukiliondoa na kuweka la 215/75R15, kipenyo kinakuwa karibu milimita 704. Gari limepanda milimita 18 kila mahali, pamoja na difu, na hakuna bolti hata moja ya mfumo wa springi iliyoguswa. Ila spidomita nayo hudanganyika kwa kiasi cha asilimia 5: inaposoma 80, mwendo umeongezeka na kuwa karibu 84. Dereva ajue hivyo. Kisha usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu ndani, kuhakikisha kuwa tairi halikwaruzi madigadi wala paipu ya breki.

Kama matairi ya gari yamekaribia kwisha na yatanunuliwa tu, basi kuongeza saizi moja hakuongezi gharama kubwa. Ni vyema kusubiri wakati huo kuliko kutupa matairi mazima.

Vipande vya juu ya springi. Kwa magari yenye springi za koili, yaani zile za mviringo, huuzwa vipande vya kuinulia ambavyo mafundi huviita spesa. Huwekwa juu ya springi au juu ya kichwa cha shokapu. Vilivyotengenezwa kwa aluminiamu au plastiki ngumu ya kiwandani vinafaa. Kwenye ekseli ngumu, kipande cha sentimita tatu huinua karibu sentimita tatu. Lakini mbele, katika magari kama Prado, ambapo springi imekaa katikati ya mkono wa chini na gurudumu liko mwishoni mwa mkono huo, kipande chenye unene wa milimita 25 kikiwekwa juu ya shokapu huweza kuliinua gari karibu mara mbili ya unene huo. Asiyelijua hili hununua kipande kinene, kisha akashangaa pua ya gari imeelekea mbinguni.

Fimbo za kujipinda. Hilux za zamani na baadhi ya pikapu nyingine hazina springi za mviringo mbele. Zina fimbo ndefu za chuma zinazojipinda. Nyuma ya kila fimbo kuna bolti ya kurekebishia kimo. Kuikaza bolti hiyo huinua mbele ya gari bila kununua kitu. Hata hivyo, fimbo hazikupata nguvu mpya. Gurudumu limenyang'anywa nafasi yake ya kushuka, na kila bonde dogo litahisiwa kama kishindo. Sentimita mbili au tatu zinatosha, na alaimenti ipimwe siku hiyo hiyo.

Springi za bapa. Hizi ni zile za vyuma vilivyopangwa safu juu ya safu, nyuma ya pikapu na Land Cruiser. Njia iliyo bora kwa bei ndogo ni kuongeza jani moja lenye mpindo mzuri katika safu. Gari hupanda na hupata nguvu ya kubeba, ila likiwa tupu litarukaruka. Njia nyingine ni kuweka gogo la chuma kati ya springi na ekseli, likafungwa kwa yubolti mpya zilizo ndefu. Hili lifanywe nyuma tu. Mbele, ambapo ekseli hubeba usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki, gogo la namna hii ni hatari. Na popote lilipo liwe moja. Magogo mawili yaliyopandishwa moja juu ya jingine huteleza.

Ipo pia njia ya kurefusha vile vibao vya chuma vinavyoshika mwisho wa springi. Hapa napo hesabu ni ya nusu: kibao kikirefushwa sentimita nne, gari hupanda sentimita mbili tu, na uimara wa pembeni hupungua. Tunaitaja ili ijulikane, si kwa kuipendekeza.

Kuinua bodi peke yake. Kwa gari lenye chesisi, bodi inaweza kutenganishwa na chesisi kwa vipande vya sentimita mbili au tatu kwenye kila sehemu ya bolti. Springi haziguswi, pembe za propela hazibadiliki, na nafasi ya tairi kubwa inapatikana. Lakini nguzo ya usukani, mpira wa kujazia mafuta na feni ya rejeta vyote vina uhusiano na bodi, na kila kimoja kikaguliwe. Kazi hii ni ya fundi makini, ingawa vifaa vyake si ghali.

Visivyofaa hata vikitolewa bure

Katika gereji za pembeni mwa barabara kuna mambo manne tunayoyaona mara kwa mara, na wajibu wetu ni kuyataja kwa uwazi.

La kwanza ni vipande vya mbao au vya tairi kuukuu vilivyochongwa na kuwekwa kama spesa. Mbao hupasuka, mpira hubonyea, na kinachofuata ni springi kuchomoka mahali pake.

La pili ni ile mipira inayobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Ni rahisi mno na imeenea sana, hata kwenye magari madogo ya mjini. Springi imeundwa ijikunje yote kwa pamoja. Mpira ukiuzuia mzunguko mmoja, mizunguko iliyobaki hubeba kazi yake, na springi huweza kukatika hapo hapo pembeni mwa mpira. Ikiwa gari limelegea nyuma, dawa ni springi mpya.

La tatu ni kuzipasha moto springi za bapa kwenye mkaa ili zipindwe upya. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto usiopimwa huuondoa ugumu huo, springi ikashuka tena baada ya wiki chache, au ikavunjika. Fundi anayepinda springi ikiwa baridi, kwa mashine ya kugandamiza, huyo anaijua kazi yake.

La nne ni kuchomelea. Springi, mikono ya gurudumu na viungo vya usukani havichomelewi kwa ajili ya kuongeza urefu. Hakuna mjadala katika hili.

Gharama zilizojificha

Mwenye gari aliyeweka fungu la spesa tu, bila kuweka fungu la yanayofuata spesa, hajapanga bajeti. Amepanga nusu yake. Baada ya kuinua gari, vitu vifuatavyo hudai haki yake.

Shokapu. Shokapu ya asili ina urefu wake. Gari likipanda, shokapu inakuwa imekwisha kunyooka karibu yote, na gurudumu linaposhuka shimoni linaning'inia kwenye shokapu badala ya springi. Kwa sentimita mbili au tatu zinaweza kuvumilia. Kwa sentimita tano zinatakiwa ndefu zaidi.

Paipu za breki. Mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye gurudumu usivutike hata kidogo. Fundi aliinue gari kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, kisha aushike mpira huo kwa mkono. Ukiwa umekaza kama uzi wa ngoma, uwekwe mrefu kabla gari halijatoka gerejini.

Mgawanyo wa breki. Pikapu na magari mengi yenye ekseli ngumu nyuma yana fimbo ndogo inayounganisha ekseli na vali ya breki iliyo kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, vali inajua gari limebeba na inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Tukiliinua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali huamini kuwa gari ni tupu siku zote. Siku ambayo ndani kuna watu saba na mizigo ya sikukuu, breki za nyuma hazitafanya kazi yake kamili. Jambo hili husahauliwa mno, na marekebisho yake ni madogo: kuishusha au kuirefusha shikizo la fimbo.

Usukani. Kwenye ekseli ngumu ya mbele yenye springi za koili, kuinua gari huizungusha ekseli kidogo. Matokeo yake usukani huacha kurudi wenyewe katikati baada ya kona, na gari likatangatanga kwenye mwendo wa kasi. Zipo bushi maalumu za kurudisha mwinamo huo. Kwa gari lolote, la aina yoyote, alaimenti ipimwe upya. Asiyeipima hula jozi ya matairi kwa miezi michache, na hapo unafuu wote umepotea.

Taa. Pua ikipanda kuliko nyuma, taa kubwa humwangaza machoni anayekuja. Zipangwe upya. Kumpofusha dereva mwenzako usiku ni kumdhuru mtu asiye na hatia.

Uthabiti wa gari barabarani

Tunafika kwenye jambo ambalo halionekani kwa macho wala halina mlio, nalo ndilo zito kuliko yote. Gari refu hupinduka kirahisi.

Wahandisi wana hesabu moja nyepesi. Huchukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, wakaigawa kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini. Jibu likiwa dogo, gari ni jepesi kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani hutumia kipimo hiki katika kuyapa magari alama za hatari ya kupinduka.

Tuseme gari lina upana wa sentimita 140 kati ya magurudumu, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 70 juu. Nusu ya upana ni 70. 70 kwa 70 ni 1. Tukikipandisha kitovu hicho kwa sentimita tano, jibu linakuwa 70 kwa 75, yaani takriban 0.93. Tukiongeza sentimita mbili za matairi, linashuka mpaka 0.91. Na bado hatujaweka magunia juu ya keria. Kila kilo inayofungwa juu ya paa inakipandisha kitovu hicho zaidi.

Maana yake kwa lugha ya barabarani ni hii: ile kona uliyoizoea kwa mwendo fulani, sasa ina mwendo wake mwingine ulio mdogo. Yule mbuzi anayekatiza ghafla, ambaye jana ulimkwepa kwa kuuvuta usukani, leo afungiwe breki katika mstari ulionyooka. Gari lililoinuliwa halitakiwi kukimbizwa, na anayekabidhiwa funguo zake, awe kijana wa nyumbani au dereva wa kuajiriwa, aelezwe hivyo kabla hajaondoka.

Lipo na suala la maji. Kuinua gari hakuinui pua ya injini inapovutia hewa, wala hakuzibi tundu za kupumulia za difu na gia. Zaidi ya hayo, maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi, yakiwemo makubwa ya porini. Kimo kipya humpa dereva ujasiri ambao mto hauutambui. Daraja likifunikwa na maji, hukumu ni kungoja, hata kama tunachelewa maziko. Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Basi itakuwaje iondolewe kwa iliyo kubwa kuliko yake?

Walio ndani ya gari

Maamuzi haya kwa kawaida hufanywa na wanaume wawili, mwenye gari na fundi. Lakini gari la familia lina wenyewe wengi. Bibi mwenye maumivu ya magoti, ambaye jana alipanda kwa kushika mlango, leo anahitaji kunyanyuliwa mbele za watu. Mama aliyevaa buibui na kupakata mtoto hawezi kuruka juu kama kijana. Kwa hiyo katika bajeti iwemo ngazi imara ya kukanyagia, iliyofungwa kwenye chesisi, na mshikio wa ndani mlangoni. Hiyo si anasa. Ni kuwastahi wazee na kuwahifadhi wanawake wetu.

Watoto nao wana hatari yao. Kadiri boneti na kioo cha nyuma vinavyopanda, ndivyo eneo lisiloonekana mbele na nyuma ya gari linavyozidi kuwa kubwa. Mtoto wa miaka mitatu aliyeinama kuokota mpira haonekani kabisa. Iwe ada ya nyumba: kabla gari halijawashwa uani, mtu mzima mmoja ahesabu watoto wote na awashike.

Amana ya mali na haki ya watu

Dini yetu haikukataza kulitengeneza gari likafaa kwa safari. Kipando chema ni katika neema. Ilichokataza ni israfu na kujifakharisha. Kwa hiyo tujiulize kwa ukweli: barabara tunayoipita inadai kimo hiki, au tunakitaka kwa sababu gari la jirani limeinuliwa? Anayekwenda kijijini mara mbili kwa mwaka huenda akafaidika zaidi kwa kununua kamba ya kuvutia, koleo na pampu ya upepo, kuliko kulibadilisha gari zima. Kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga au tope, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi lami, hutoa msaada ambao wengi huutafuta kwenye spesa. Na si busara kuingia mkopo wa riba kwa ajili ya sentimita tano.

Yapo pia mapatano yetu na wengine. Aliyekata bima, iwe ya kawaida au ya takaful, aiarifu kampuni kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa na limebadilishwa vipi. Ukimya wake waweza kuwa sababu ya dai kukataliwa siku ya ajali. Na siku ya kuliuza, mnunuzi aambiwe yote. Sote tunaifahamu habari ya Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono wake ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, na akamkemea muuzaji. Spesa zilizofichwa chini ya gari ni kama ule unyevu.

Kwa upande wa mafundi, wengi wao wakiwa vijana wetu wanaoswali nasi safu moja, tunawanasihi kwamba ujira wa halali ni wa kazi iliyokamilika. Fundi anayejua kuwa paipu ya breki imekaza, akanyamaza kwa sababu mteja hakulipia hilo, amebeba dhima. Aseme, na ikibidi akatae kazi.

Mpangilio tunaoupendekeza

Kwa familia yenye fedha chache, basi, mpangilio uwe hivi. Kwanza kupima na kuondoa uzito usiohitajika. Pili, springi na shokapu zilizo nzima za kimo cha kiwandani. Tatu, matairi ya saizi moja zaidi, wakati wa kubadilisha ukifika. Nne, ikiwa bado haitoshi, spesa au jani la springi la sentimita mbili mpaka tatu, pamoja na fungu la alaimenti, paipu za breki, vali ya mgawanyo na taa. Kwa wengi safari itaishia hatua ya pili au ya tatu.

Kazi ikikamilika, gari lisiingizwe safarini siku hiyo. Liendeshwe polepole karibu na nyumbani kwa siku chache, breki zijaribiwe mahali patupu, na baada ya kilomita mia moja hivi bolti zote zilizoguswa zikazwe tena. Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza. Kukaza bolti ni katika kumfunga ngamia; dua ya safari isomwe baada ya hapo, wote wakiwa wameketi na mikanda imefungwa.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azijaalie safari zetu za kheri ziwe za salama, awafikishe wanaokwenda kuzika na wanaokwenda kuoza, na awarejeshe wote kwa ahali zao wakiwa wazima. Amin.